Begi la Namugongo

Usiku wangu wa kwanza njiani kwenda Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, niliumaliza nimekaa. Ilikuwa Mei 2017, ndani ya darasa la shule ya msingi upande huu wa Bugiri, madawati yamesukumwa ukutani, mahujaji sitini na kitu tumejipanga sakafuni kama dagaa. Kila nilichobeba kilikuwa kimelowa. Blanketi lilikunywa maji mpaka likawa zito kama mtoto wa miaka mitatu. Sweta, maji. Leso zote mbili, yaani kanga, maji. Na mwilini nilivaa sketi ndefu ya jinzi niliyoishona mwenyewe, nikaitia mifuko minne, nikajisifu kwamba hiyo ndiyo sketi ya safari.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye mashine hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na watu hunilipa ili niwaambie kitambaa gani kinafaa wapi. Niliegemea ule ukuta meno yakigongana, nikawaza kwamba mteja angeniambia anataka kutembea masika na jinzi, ningemcheka mbele ya watoto wake.

Tangu hapo nimekwenda tena 2018, 2019, 2022, 2023 na mwaka jana. 2020 hakuna aliyekwenda, korona ilifunga kila kitu, na 2024 goti lilikataa. Pasaka ikipita tu, wanawake wa parokia huanza kunijia kibandani: "Mama Fundi, nibebe nini?" Nimechoka kulijibu swali hilo huku nikiwa na pini mdomoni, basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulia kwenye kota za reli, ambako Mteso, Mjaluo, Mganda na Mkamba waligombana na kupatana kwa lugha moja, na kwa sababu tunaotembea njia hii ya mashariki tumechanganyika hivyo hivyo, Wakenya wanaovukia Malaba wakiwemo.

Swali lenyewe huja limepinda. Watu wanataka kujua watafanyaje wasilowe. Ndugu yangu, utalowa. Ukitoka Tororo kwa miguu tarehe 24 au 25 Mei ili uwe Namugongo kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi, zaidi ya kilomita 200, utalowa siku tatu kati ya nane, na mwaka mbaya utalowa zote. Mwili unaotembea hauna shida na maji, unapata joto lake wenyewe. Shida inaanza saa moja jioni ukishakaa chini. Begi langu lote siku hizi nalipanga kuanzia hapo: saa mbili usiku nitavaa nini kikavu, na nitalalia nini kikavu? Hayo yakishapata nafasi, mengine yatajibana.

Mvua ya kwetu ina saa zake, kama mtu wa zamu. Masika huanza Machi, Aprili hupamba moto, Mei hulegea. Kulegea si kuisha. Nusu ya kwanza ya njia, yaani Tororo, Busitema, Bugiri mpaka Iganga, mvua ni ya alasiri. Asubuhi mbingu safi, Mwamba wa Tororo unauona nyuma yako kila ukigeuka. Saa sita jua linachoma mpaka lami inanuka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, basi upepo hutoka Ziwa Viktoria kuingia bara ukiwa na unyevu, hewa inapanda juu, na ikifika saa tisa unaona wingu limesimama kama mnara. Saa kumi na moja limeshamwagika.

Nusu ya pili mambo hugeuka. Usiku nchi kavu hupoa, maji ya ziwa hubaki na joto, upepo unarudi ziwani, na mawingu ya radi hujijenga juu ya maji watu wakiwa wamelala. Kisha upepo wa kutoka mashariki huyasukuma mpaka ukingo wa Uganda. Ndiyo maana mtu wa Mukono au Kampala huamshwa na ngurumo alfajiri, wakati mtu wa Tororo saa hiyo hiyo anatazama nyota. Mwaka wa kwanza sikulijua hili. Tulipovuka Nile pale Jinja nilijiona nimeshakuwa mzoefu: toka saa kumi alfajiri, tembea haraka, saa nane uwe chini ya bati. Ule mpango uliotuokoa Busoga, kabla ya Nile, ndio uliotuingiza mvuani karibu na Lugazi kabla hata hatujasema sala ya asubuhi.

Kwa hiyo koti la mvua lina makazi mawili. Mpaka Iganga linakaa chini ya begi, kwa sababu utalihitaji mchana na utakuwa umeliona wingu saa nzima kabla. Kutoka Jinja linahamia juu kabisa, mahali unapolifikia gizani bila kuwasha tochi. Hii si sheria iliyoandikwa, mwaka 2022 tulinyeshewa asubuhi hapo hapo Busitema, tena vibaya. Lakini miaka mingine imenitii.

Na baridi ipo. Watu hawaamini. Mchana nyuzi 28, hata 30 upande wa Tororo, lakini alfajiri karibu na ziwa hushuka hadi 17 au 18. Ukiwa mkavu, hiyo ni hewa tamu. Ukiwa na fulana mbichi mgongoni na upepo wa lori, utamkumbuka mama yako.

Mpwa wangu anasoma Hispania. Mwaka juzi alitembea ile hija yao ya Mtakatifu Yakobo, kutoka mpakani mwa Ufaransa mpaka Santiago de Compostela, karibu kilomita 780, akaanza Machi kwa sababu ndipo alipopata likizo. Akanitumia orodha ya mizigo yake kwa simu akidhani itanisaidia. Glavu. Kofia ya sufu. Mfuko wa kulalia. Fimbo mbili za chuma. Nikaisoma kwa sauti pale kibandani, wote tukacheka hasa kwenye glavu. Kisha akanipigia, akanieleza. Machi kule ni mwanzo tu wa majira ya kuchipua, jua linakudanganya mchana na usiku barafu inarudi. Njia ya juu ya milima ya Pirenei hufungwa tangu tarehe 1 Novemba mpaka mwisho wa Machi kwa sababu ya theluji, mahujaji wanapitishwa bondeni. Akifikiri ameshaiacha baridi nyuma akaikuta tena kwenye vilima vya O Cebreiro, na akiingia Galicia mvua ya rasharasha ikamfuata kama deni.

Sikucheka tena. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa akipigana na baridi, mimi napigana na jasho. Koti lake zito la mvua likivaliwa hapa saa sita mchana litakulowesha kutoka ndani kabla mvua haijakufikia kutoka nje. Yeye jioni alilala kitandani, kwenye nyumba za mahujaji. Sisi ni sakafu ya darasa au ya kanisa, na ukichelewa ni barazani. Yeye mwishoni alipewa cheti, maana kule ukitembea kilomita 100 za mwisho unakipata. Namugongo cheti chako ni kucha mbili za miguu zilizogeuka nyeusi.

Lakini mambo mawili kwenye orodha yake nimeyachukua. Moja ni kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Nina kilo 68. Begi la 2017 nililipima kwenye mizani ya muuza maharage kabla ya kutoka: kilo 11, nikajiona mama wa kazi. Sasa nabeba 6 na maji yamo. La pili aliliandika kwa herufi kubwa: nguo za kulalia zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, USIZIVAE NJIANI HATA IWEJE. Nilifurahi kuliona. Mimi nililijua kwa kulala nimekaa Bugiri, yeye kwa theluji.

Sasa nguo, hapa ndipo pangu, mnivumilie.

Pamba ni rafiki wa siku ya jua na adui wa masika. Inakunywa maji na haiyaachii. Jinzi ni pamba iliyosukwa nzito, ikilowa asubuhi italowa mpaka kesho, na njiani itakusugua mapaja mpaka utembee kama bata. Kitenge kizito vilevile. Leso ni pamba pia lakini ni nyepesi, ikikamuliwa na kutandazwa juu ya begi jua la saa moja linaikausha. Poliesta, ile ambayo wateja wangu wa harusi wanaidharau, ndiyo malkia wa barabara hii. Fulana ya mpira wa miguu, ya mitumba, ya shilingi elfu chache unaikamua, unaivaa mbichi, ukifika kituo kinachofuata imekaukia mwilini. Inanuka, sikatai. Siku ya nne kundi zima tunanuka, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Muuza mitumba atakuambia chochote. Wewe ng'oa uzi mmoja kwenye pindo, uuguse na kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, huacha majivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, huacha kishanga kigumu cheusi. Ni jaribio la mafundi, halina gharama, ila usilifanye na nguo ikiwa bado mkononi mwa mwenyewe.

Sketi yangu ya sasa ni ya poliesta nyepesi, inaishia chini ya goti kidogo ili pindo lisifagie tope. Mishono nimeigeuza ikatazama nje. Haipendezi, lakini haichubui. Ndani navaa taiti fupi. Wazee wetu wa parokia bado wanamtazama vibaya mwanamke aliyevaa suruali kwenye hija, na mimi sina nguvu ya kubishana na mzee huku nikitembea kilomita 30 kwa siku, basi sketi juu, taiti chini, kila mtu amani. Fulana za kundi, zile zenye picha ya mashahidi kifuani, ni nzuri kwa siku ya sherehe. Mwaka mmoja tuliletewa za pamba nene na picha kubwa yenye utando kama wa mpira iliyofunika kifua na tumbo. Chini ya ile picha hewa haipiti. Mtakatifu Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, alichomwa moto, sawa, lakini sidhani alituombea tupikwe kifuani. Yangu naibeba imekunjwa, naivaa Namugongo.

Nguo za usiku ni hizi: gauni jepesi refu, sweta moja, soksi za sufu, chupi. Basi. Zinakaa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kavera ndani ya kavera, mdomo umesokotwa na kufungwa kwa ule mpira ninaofungia vitambaa. Kavera nzuri kuliko zote ni ile nailoni ya ndani ya gunia la sukari la kilo 50. Namwomba muuza jumla aniwekee. Na mfuko huu unaingia ndani ya begi, si juu yake. Nimeona watu wakivisha begi kavera kwa nje. Gari la kwanza la mizigo likipita, upepo wake unaichana na unabaki na bendera.

Wakenya hapa wana historia yao. Tangu Agosti 2017 kwao mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo 2018 walipotuunga walikuwa hawana kavera hata moja. Mama mmoja, mtu mzima, alikuwa na blanketi lake ndani ya gunia la katani, mgongoni, limefungwa kwa leso. Nilipompa nailoni ya sukari aliishika kama mtu aliyepewa bangi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huku mnaruhusiwa?" Alilala mkavu mpaka Namugongo. Wakati wa kurudi aliikunja vizuri akanirudishia kabla hajapanda basi la Malaba, hakutaka matata mpakani.

Utasema, kundi lina pikapu ya mizigo, kwa nini nijitese? Ni kweli, pikapu ipo, inabeba mikeka, sufuria na wagonjwa. Mwaka huo huo wa 2018 ilinasa kwenye tope ikitafuta njia ya kuingia shule tuliyopangiwa kulala. Tuliiona saa nne na nusu usiku. Walioweka kila kitu kwenye pikapu walikaa wameshikana kama vifaranga, wengine wakaimba, wengine wakalaumiana. Mikeka ipande gari, blanketi likitaka lipande gari. Ule mfuko wa usiku haushuki mgongoni mwako.

Koti la mvua nimejishonea: kitambaa cha nailoni, tundu la kichwa, kofia, kipana nyuma kiasi cha kufunika na begi, wazi mbavuni ili jasho litoke. Mishono yake nimeipaka nta ya mshumaa na kuipitishia pasi ya uvuguvugu juu ya karatasi. Usiku nalitandika sakafuni chini ya leso. Mwavuli acha nyumbani, barabara ya Jinja ina malori, mwavuli utakuvuta mbele ya lori.

Leso mbili, hazipungui. Moja ni taulo, ya pili ni shuka. Zote mbili ni pazia mkiwa wanawake watatu mnaoga nyuma ya choo cha shule, wawili wanashika, mmoja anaoga, na mnapokezana. Ni kivuli cha kichwa saa sita, ni mto, ni kifurushi cha viazi vitamu ambavyo mama wa Kisoga pale Idudi alitumiminia bila kutujua majina. Yangu imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na yule mama aliisoma akacheka, akasema sijui nani ameponywa hapa.

Viatu sitaviongelea sana, kila mguu una dini yake. Niseme tu usinunue vipya. Gambuti hapana, zinajaa maji zikageuka ndoo. Mimi natembea na raba za zamani zilizotobolewa vitundu pembeni ili maji yatoke, na begini nina lugabire, zile wenzetu Wakenya wanaziita akala, za tairi. Jioni miguu inapumua humo. Mafuta ya kujipaka mazito kati ya vidole kabla ya soksi, soksi zinabadilishwa saa sita, zilizotoka zinaning'inia begini. Lengelenge likitokea, kuna mama huja na sindano na uzi anataka apitishe uzi katikati ili maji yatoke. Ananiomba sindano mimi kwa kuwa ni fundi. Siitoi. Sindano yangu imetoboa suruali za Tororo nzima, haiingii mguuni mwa mtu.

Vitu vidogo: tochi, chumvi ya kuongeza maji mwilini, dawa ya maumivu, pedi hata kama tarehe zako zimepita, kitambulisho, pesa kidogo taslimu na nyingine kwenye simu, dawa ya mbu. Hii ya mbu usiidharau, njia inapita mashamba ya mpunga ya Kibimba, na mbu wa mpunga hawajui kwamba wewe ni hujaji. Chakula usibebe. Hii ni Uganda, kila kituo kina rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, au kikomando, chapati na maharage, na ukifika Namawojjolo vijana watakukimbilia na kuku na gonja hata ukiwa umefumba macho unasali rozari.

Nilisahau, vibanzi vya kuakisi mwanga. Kwa kuwa tunatoka saa kumi, gizani, nimevishonea kwenye begi na kwenye mkono wa koti. Kundi letu linatembea upande wa kulia wa barabara, magari yanakuja yakitutazama usoni. Malori ya Malaba hayalali, na mvua ikinyesha kila lori linakuja na wimbi lake la tope jekundu.

Radi ndiyo sitanii nayo. Nchi yetu inapigwa radi sana, na ukanda huu wa ziwa ndio umezidi. Mnakumbuka 2011, radi iliua wanafunzi ndani ya shule moja Kiryandongo. Mwaka 2019, kati ya Magamaga na Kakira, katikati ya mashamba ya miwa, wingu lilitukuta hatuna nyumba karibu. Vijana wakakimbilia mvule mmoja uliosimama peke yake. Mzee wetu mmoja, katekista mstaafu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alipiga kelele mpaka ikamkauka: "Tokeni hapo! Tokeni! Mnataka kuwa mashahidi wa mti?" Wakatoka. Tulisimama kwenye mvua, mbalimbali, tumeinama, maji yanatupiga kama changarawe, mpaka basi dogo likasimama likatuchukua kwa mafungu. Ule mvule haukupigwa, niseme ukweli. Mzee alitukanwa kidogo kwa hilo jioni, akatabasamu tu. Mimi nilikuwa upande wake na bado niko.

Karibu na hapo, Musita, kuna njia inayochepuka kwenda Mayuge, na kila mwaka nikipita namkumbuka Askofu James Hannington. Si wa kanisa langu, alikuwa Mwanglikana, lakini alikuja kwa miguu kutoka pwani kupitia njia hii ya mashariki, akauawa huku Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Baganda waliogopa wageni wanaotokea upande wa mawio ya jua. Sisi tunatokea upande huo huo na tunapewa viazi. Oktoba nayo ni mwezi wa mvua kwetu. Huwa najiuliza mahema yao walikuwa wanayakaushaje.

Msitu wa Mabira nitasema moja tu: chini ya miti mvua haiishi ilipoishia. Inanyesha nusu saa, kisha majani yanaendelea kunyesha saa nzima, na jua halifiki kukukausha. Yale mliyoyatundika juu ya begi yakauke, yaingizeni ndani kabla ya msitu.

Ukishavuka Mukono, pale Seeta unaiacha barabara kubwa, unapenya Bukerere na Sonde, na ghafla watu wanakuwa wengi kuliko miti. Kanisa lenye nguzo 22, nguzo moja kwa kila shahidi Mkatoliki, unaliona likiwa na kofia yake ya shaba. Hapo ndipo walipochomwa Karoli Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886, na Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Usiku wa tarehe 2 tunalala uwanjani, kwenye nyasi, ubavu kwa ubavu na watu wa Mbarara, wa Arua, wa Mwanza. Hakuna bati. Ukifika na ile nailoni ya sukari haijatoboka, wewe ni tajiri. Mwaka jana ilinyesha manyunyu ya alfajiri, nikaiona mikono ya watu nisiowajua ikiingia chini ya koti langu, nikalisogeza liwatoshe.

Na acheni nafasi ya jerikeni. Hili hakuna anayewaambia. Kila mtu anataka maji ya pale Namugongo ya kupeleka nyumbani, na watu waliotembea siku nane wanaanza kutafuta chupa za kuokota. Mimi hubeba kajerikeni ka njano ka lita tatu, tupu, tangu Tororo; ndani yake natia soksi na tochi, hakapotezi nafasi. Kurudi ni kwa basi, hizo kilo tatu za maji si mzigo tena. Mama mkwe wangu, ambaye miguu haimruhusu, huyanyunyiza mlangoni na mengine huyaweka chini ya kitanda. Ya 2019 bado yapo. Nimemwambia yameota ukijani, akanijibu kwamba hata mimi nimeota mvi na hajanitupa.

Juzi alikuja kibandani binti mmoja, mwalimu wa chekechea, anakwenda mwaka huu kwa mara ya kwanza. Alileta sketi ya jinzi niipunguze urefu, "ya safari, Mama Fundi, ina mifuko." Nikamweleza yote haya, nikamwonyesha hadi jaribio la kiberiti. Akanisikiliza kwa adabu, akasema sawa mama, ila hii ndiyo anayoipenda. Nimeipunguza, nimeichukua elfu tano yake. Chini ya sketi, kwenye mfuko niliomkabidhi, nimemwekea ile yangu ya zamani ya poliesta na nailoni moja ya sukari. Atanirudishia Juni.